Honi ya meli ama fataki za reli: ukungu ukishuka ufuate mtindo gani?

Kila Julai ukungu ukishaanza kulala Limuru, Kinale mpaka huko Kinungi, maswali ni yale yale: ninunue honi gani, taa gani, king'ora kizuri nitapata wapi? Wenye boti Naivasha nao wanauliza hivyo hivyo, juu ziwa likijifunika asubuhi boti iliyo mita 50 kutoka kwako huioni kabisa. Na wengi wanashuka tu Kirinyaga Road wanaulizia honi yenye mdomo mkubwa kuliko zote dukani, wanalipa, wanaifunga, halafu wakifika kwenye ukungu wenyewe ndio wanajua kelele peke yake haimpeleki mtu mbali.

Mimi ningeanza kwingine. Kuna watu walipambana na ukungu zamani sana kabla yetu, mabaharia upande mmoja na watu wa reli upande wa pili, na kila upande ulitoka na mtindo wake, na hiyo mitindo haifanani hata kidogo. Wa baharini unasema "niko hapa, jihadhari na mimi". Wa reli unasema "wewe unayekuja, ukifika hapa anza kusimama". Ni maonyo yote mawili lakini yamegeuziana mgongo, na ukinunua vifaa vya mtindo mmoja kwa shida ya mtindo mwingine umetupa pesa. Kwa hivyo nitaviweka kando kwa kando, halafu tuone cha kukufaa ni kipi kama una boti, kama unaendesha lori, ama kama geti lako limekaa kwenye kona mbaya.

Baharini: kila mtu ajitangaze

Baharini njia haina mwenyewe. Chombo kinaweza kutokea upande wowote na kinaweza kwenda upande wowote, hakuna mtu wa kusimama katikati ya maji akuwekee kibao. Kwa hivyo mzigo wote umebebeshwa kila chombo: piga kelele, sema uko wapi na uko katika hali gani, anayekusikia atajipanga.

Sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, zile za 1972 zilizoanza kutumika 1977, zimepanga hizo kelele vizuri sana. Meli ya injini inayotembea inapiga honi moja ndefu, sekunde 4 mpaka 6, na isikae zaidi ya dakika 2 bila kurudia. Kama haijatia nanga lakini imesimama, haisongi, inapiga ndefu mbili zikifuatana na katikati wanaacha sekunde 2 hivi. Jahazi linaloenda kwa tanga, chombo kinachovua, chombo kinachokokota kingine, chombo kilichoharibikiwa hata hakiwezi kujiongoza, hao wote wanapiga moja ndefu halafu fupi mbili. Wamewekwa kundi moja kwa sababu ujumbe wao ni mmoja: mimi kukwepa ni shida, wewe ndiye ukwepe. Hawakuhitaji kukuambia kama ni nyavu ama ni tanga, wewe unataka tu kujua nani ampishe nani.

Aliyetia nanga ana kengele. Anaipiga haraka haraka kama sekunde 5, na anarudia kabla dakika moja haijapita. Na chombo kikiwa na urefu wa mita 100 ama zaidi, kengele inapigwa huko mbele, omo, na ikinyamaza tu upatu unapigwa nyuma, tezi. Hiyo naipenda kuliko zote. Unasikia kengele hapa, halafu upatu kule, na hapo hapo unajua hiyo nafasi katikati ya hizo sauti mbili si maji, ni chuma, usijaribu kupita. Nani aliwaza hivyo sijali, lakini aliwaza vizuri.

Hata unene wa sauti unasema kitu. Meli ya mita 200 kwenda juu lazima honi yake iwe nzito, hezi (mitetemo kwa sekunde) 70 mpaka 200, na isikike maili 2 za baharini, hiyo ni karibu kilomita 3.7. Chombo chini ya mita 20 kinadaiwa nusu maili tu na sauti yake ni nyembamba. Kwa hivyo mngurumo ukikutetemesha kifua unajua hilo ni jitu linakuja, na sauti ya juu ni kadogo kadogo. Na hizi sheria si za ukungu peke yake, ni chochote kinachoziba macho, hata mvua kubwa na dhoruba ya mchanga, na ukiangalia pwani yetu hiyo mvua ndiyo ya kuogopa zaidi, masika ikimwagika kwenye mkondo wa Likoni ni kama mtu amevuta pazia.

Sasa udhaifu wake, na ni mkubwa. Sauti haina adabu. John Tyndall, mwanasayansi aliyefanya majaribio ya honi, ving'ora na mizinga hapo South Foreland, Uingereza, 1873 na 1874, alikuta kitu ambacho watu hawakukitarajia, kwamba ukungu wenyewe hauzuii sauti vile watu wanafikiria. Kuna siku hewa ilikuwa safi kabisa, unaona mbali, na sauti inafia karibu tu, juu hewa ilikuwa na matabaka ya joto na unyevu tofauti yanayoirudisha, halafu siku ya ukungu mzito sauti ile ile inafika mbali vizuri. Ongeza upepo, ambao unaweza kuinua sauti ikapita juu ya kichwa chako usiisikie na mwenzako aliye mbali zaidi anaisikia. Maana yake ni kwamba huwezi kusema "imesikika kidogo, basi yuko mbali". Inaweza kuwa yuko hapo tu.

Na upande je, unajua imetoka wapi? Kidogo, na mara nyingi unakosea. Ndio maana sheria ikifika hapo haikuambii upinde kushoto ama kulia, inakuambia ukisikia honi ya mwingine inaonekana iko mbele yako punguza mwendo mpaka ule wa chini kabisa unaokuwezesha kushika usukani, na ikibidi simama kabisa. Wanajua sikio linadanganya.

Mfano mchungu ni Empress of Ireland, 29 Mei 1914, mto St. Lawrence kule Kanada. Meli hiyo ya abiria na ile ya makaa iliyoitwa Storstad zilionana taa kabla ukungu haujaingia katikati yao, halafu zikaanza kupigiana honi, na walisikiana, hiyo ndiyo inauma. Empress ilipiga fupi tatu, maana yake injini zangu zinarudisha nyuma. Lakini kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani kuhusu mwenzake ameelekea wapi, na honi haikuweza kurekebisha hiyo picha. Storstad ikaingia ubavuni, Empress ikazama kwa dakika 14, watu 1,012 wakafa. Na mtu asikwambie rada ilimaliza hayo maneno, kwa sababu Andrea Doria na Stockholm zilikuwa na rada zote mbili, 25 Julai 1956 nje ya Nantucket, ukungu, kila mmoja akamsoma mwenzake vibaya kwenye kioo, wakagongana, watu 51 wakapoteza maisha.

Kuna kitu cha katikati hapo, honi za kwenye minara ya taa. Boston walikuwa na mzinga wa ukungu tangu 1719, Robert Foulis akaleta honi ya mvuke kisiwa cha Partridge, Kanada, 1859, halafu ikaja diafoni ya John Pell Northey 1903, ile yenye mngurumo unaomalizia na mguno kama imekatwa pumzi. Hizi zilikuwa zimekaa mahali pamoja na kila mnara ulikuwa na mpigo wake, kwa hivyo nahodha akihesabu sekunde kati ya mlio na mlio anajua ni mnara upi. Hiyo inakaribia akili ya reli, manake onyo limefungwa na mahali, halitembei. Nyingi sai zimezimwa, rada na setilaiti zimechukua kazi.

Relini: onyo linangoja njiani

Treni haikwepi. Haina pa kukwepea. Na ikiwa nzito na iko mwendo inaweza kutaka kilomita nzima ama zaidi kusimama, kwa hivyo hata ukipiga honi ya meli hapo mbele yake, dereva akishakusikia mambo yameisha. Lakini reli ina raha moja ambayo bahari haina: unajua kwa uhakika treni itapita wapi. Itapita juu ya chuma hiki hapa, sentimita haiongezeki. Basi weka onyo juu ya hicho chuma.

Hiyo ndiyo fataki ya reli, ya Edward Cowper, Uingereza, 1841. Ni kitu kidogo sana. Kidude cha bati, bapa, kama kikopo cha rangi ya viatu, kina baruti ndani, na ubavuni kimetoa mikanda miwili ya madini laini ya risasi unayoikunja kwa vidole chini ya kichwa cha reli ili kisianguke. Gurudumu likikikanyaga kinapasuka, paa!, dereva anakisikia hata juu ya kelele za injini ya mvuke. Basi. Hakuna kukisia upande, hakuna kukadiria umbali, hakuna kujiuliza kama upepo umekibeba. Umekikanyaga wewe mwenyewe, kwa hivyo uko mahali pale pale.

Kazi ya kuviweka ilikuwa ya mtu. Reli za Uingereza, mtu wa kibanda cha signali alikuwa na kitu fulani cha kuangalia, yadi 200 hivi, akiona ukungu umekimeza anaita watu wa ukungu, wengi wao ni wale mafundi wa njia wametolewa kitandani. Kila mmoja anaenda kwa signali yake, anakaa kwenye kijibanda na moto wa makaa, macho kwa mkono wa signali hapo juu, ule ubao unaosogea kumwonyesha dereva kama njia iko wazi. Mkono ukionyesha tahadhari fataki inakaa juu ya reli na yeye anaonyesha taa ya tahadhari, mkono ukibadilika kuwa njia iko wazi anatoka, anaondoa fataki, anaonyesha kijani. Treni ikipasua moja anaweka nyingine. Usiku wote, na vidole vimekufa ganzi, na anainama juu ya reli yenye treni inayokuja na yeye haioni, kama vile dereva haoni signali. Sitaki kusema ni kazi ya bei rahisi.

Na kwa dharura, treni ikianguka na kuziba njia ya pembeni kwa mfano, mtu anatembea kwa miguu kurudi kule treni nyingine itatokea, kama kilomita 2, anaweka fataki tatu zimeachana mita 20 hivi. Kilomita mbili nzima! Kumbuka hiyo, tutairudia tukifika kwa lori.

Kimya kinamaanisha nini

Hapa ndio naona tofauti yenyewe imelala, na watu hawaiongelei. Swali si onyo likilia itakuwaje. Swali ni lisipolia.

Baharini kimya hakimaanishi kitu. Labda hakuna mtu. Labda yuko na honi yake imekufa, ama mtumbwi usio na chochote, ama upepo umemeza. Kwa hivyo baharia mzuri hakiamini kimya, anapunguza mwendo hivyo hivyo.

Kwa fataki kimya kinamaanisha njia iko sawa, endelea, na hiyo ni hatari ukifikiria vizuri. Fataki ikilowa, ama mtu wa ukungu akichelewa kufika, dereva anapata kimya kile kile cha usalama. Ndio maana kwa dharura hawakuweka moja, waliweka tatu, moja ikikataa nyingine itapasuka.

Watu wa Great Western Railway ya Uingereza ndio walilipasua hilo swali. 1906 waliweka kipande cha chuma katikati ya reli mbili, injini ina kiatu chini kinachokigusa. Njia ikiwa wazi umeme unapita na kengele inalia ndani ya kebini ya dereva. Ikiwa tahadhari umeme haupo na king'ora kinalia. Sasa ona akili yake: waya ukikatika, betri ikifa, kinacholia ni king'ora, si kimya. Kifaa kikiharibika kinakosea upande wa kusimama. Na kwa sababu hata njia iliyo wazi ina sauti yake, dereva akipita bila kusikia chochote anajua kuna kitu hakiko sawa.

Kampuni zingine zilijivuta. 4 Desemba 1957 hapo Lewisham, London, ukungu mzito, treni ya mvuke ilipita signali za tahadhari dereva hakuziona, ikagonga ya umeme iliyosimama, daraja likaangukia mabehewa, watu 90 wakafa. Hiyo njia haikuwa na kifaa cha kumwambia ndani ya kebini. Baada ya ajali kama hizo ndio mtambo wa kengele na honi ndani ya kebini ulisambazwa kwa haraka zaidi Uingereza.

Halafu angalia treni ikipita Kibera hapa kwetu. Inapiga honi, inapiga, inapiga. Hiyo ni reli inatumia mtindo wa bahari, na ni sawa kabisa, kwa sababu anayeonywa pale si treni nyingine, ni mama aliyetandaza nyanya kando ya reli na mtoto anayevuka, na hao wanaweza kuhama. Honi ni ya mtu anayeweza kukwepa. Kwa asiyeweza kukwepa weka onyo mbali mbele yake. Ukishika hilo mengine yote yanajipanga.

Una boti

Wewe ni mtu wa bahari hata kama ni Naivasha. Ziwa hilo halijaungana na bahari kwa hivyo sheria za kimataifa hazijaandikwa kwa ajili yake, lakini mpigo wake utakusaidia, manake ukipiga ovyo ovyo hakuna atakayekuelewa. Hizo sheria zenyewe zinakubali chombo chini ya mita 12 kisifuate mipigo yote, bora kitoe sauti nyingine inayofaa angalau kila dakika 2.

Usikimbilie honi ya gesi, ile ya kopo, peke yake. Ni kali, ni nyepesi, iko sawa, lakini fanya hesabu. Ukungu wa saa tatu, mpigo mmoja kila dakika 2, hiyo ni mipigo 90, kila mmoja sekunde 5, umefika sekunde 450, dakika saba na nusu za gesi inatoka. Na ukiipiga mfululizo kopo linapoa mkononi na sauti inaanza kulegea. Kama utaibeba beba na kopo la ziada, na chini yake weka honi ya kupuliza kwa mdomo ambayo haiishiwi isipokuwa wewe uishiwe. Filimbi ya plastiki isiyo na kijiwe ndani ifungwe kwa kila laifjaketi, hiyo ni ya mtu aliyeanguka majini zaidi kuliko ya boti, lakini ni bei ya chai na mandazi hakuna sababu ya kukosa. Honi ya gari ya volti 12 nayo ni nzuri kama boti ina betri, ifunge juu na mdomo uangalie mbele na kidogo chini, maji yasikae ndani.

Na tafadhali usiegemee honi bila kuachilia kama vile matatu imefungiwa stejini. Honi ya ukungu inayolia bila kukatika, kwa sheria za baharini, ni ishara ya kuomba msaada. Piga, achilia, zima injini kidogo, sikiliza. Watu wengi wanasahau hiyo ya kusikiliza, wanapiga honi juu ya injini inayonguruma halafu wanashangaa hawakusikia mwenzao anajibu.

Ukiwa Ziwa Victoria ongeza kitu kimoja, kiakisi cha rada. Boti ya mbao ama faiba haionekani vizuri kwa rada, na huko kuna vyombo vikubwa, kwa mfano MV Uhuru, ambayo kwa taarifa yako ni meli inayobeba mabehewa ya treni kutoka Kisumu, yaani bahari na reli zimepanda chombo kimoja. Kipande hicho cha bati lililokunjwa pembe pembe ukikiinua juu ya mlingoti kinarudisha mawimbi ya rada na yule nahodha anakuona kabla hajakusikia. Ukilazimika kuchagua kati ya honi kubwa zaidi na kiakisi, ukiwa Victoria mimi nachukua kiakisi.

Unaendesha lori, ama gari yako imezima kwenye ukungu

Hapa wengi wanakosea mtindo. Lori limekufa baada ya Soko Mjinga, ukungu huoni bampa ya mbele, na dereva anakaa ndani anawasha hazadi na kupiga honi. Huo ni mtindo wa bahari kwa shida ya reli. Anayekuja amefunga madirisha, hita inavuma, redio iko juu, honi yako hataisikia, na hata akiisikia hatajua iko leni gani. Halafu ako kwenye njia moja inayojulikana, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili magari yanayopanda, kukwepa ni bahati. Huyo ni treni.

Kwa hivyo fanya kama yule wa fataki: teremka, toka barabarani kabisa, tembea pembeni kwa majani ukielekea kule magari yanatoka, na uweke onyo huko. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Laifseva, ile pembetatu ya kuakisi, ukiiweka mita 10 nyuma ya lori, dereva ana nusu sekunde, hiyo ni ya kumfurahisha polisi tu. Watu wa reli walitembea kilomita 2 kwa sababu treni inataka hivyo, wewe nenda mita 100 kwa uchache, na kwenye mteremko kama ule wa kushuka Kinungi nenda zaidi, na usiweke moja. Ya kwanza mbali, ya pili inafuata karibu na lori zaidi, kama zile fataki tatu.

Matawi? Watu wa mjini wanayacheka lakini mimi nayaheshimu. Tawi la majani mabichi katikati ya leni linafanya kazi ya fataki, hata usipoliona utalikanyaga na utajua. Shida yake ni moja na ni kubwa, lori likishatengenezwa dereva anaondoka anayaacha pale. Sasa wanaokuja wanakanyaga matawi ya hakuna shida, kesho wanakanyaga tena, kesho kutwa hawajali tena na hapo ndio kuna lori la kweli. Mtu wa ukungu aliondoa fataki njia ikifunguka. Ondoa matawi yako.

Ukishafikiria hivi hata zile rambo stripsi, ile mistari iliyoinuka ya kutetemesha gari kabla ya bampu, utaziona tofauti. Ni fataki zisizo na baruti, mwenye barabara ameziweka mara moja na zinafanya kazi usiku, mvua, ukungu, kupitia matairi yako moja kwa moja mpaka kwa kiti. Sasa mbona hawaziweki kila kona yenye ukungu, hilo swali waulizwe wao.

Geti kwenye kona

Una shamba Tigoni ama karakana upande wa Lari, na kila asubuhi ya ukungu gari inatoka getini moja kwa moja kwa barabara ya watu wanaokimbia. Honi ya kutokea getini haitoshi, kwa sababu zile zile nilizozisema kwa lori. Fataki zenyewe usiziulizie, ni vilipuzi vinavyotaka leseni na si za barabara. Na huwezi kuamka ukajijengea matuta kwa barabara ya serikali, ingawa ndani ya ua wako jenga, uwapunguzie mwendo hao wanaotoka.

Ulicho nacho ni soja. Mpe koti la kuakisi, tochi nzuri, filimbi, halafu usimsimamishe getini, hapo haoni zaidi yako. Apande juu barabarani mita 100 hivi upande ambao magari yanatoka kwa kasi, asimame nje ya lami, aelekeze tochi kwa wanaokuja. Kama pande zote mbili ni mbaya mnataka watu wawili, huwezi kuligawa jicho.

Filimbi yake si ya magari, ni ya dereva wako anayengoja getini na dirisha amefungua, injini iko chini, redio imezimwa. Mpangieni mipigo kabla, na msiseme "ukiona gari piga filimbi", manake hapo kimya kitakuwa ndio ruhusa, na soja akiwa amesinzia ama ameenda haja dereva anatoka. Geuzeni. Mipigo miwili mirefu maana yake nimeangalia, toka sasa hivi. Asiposikia kitu hatoki, hata kama amechelewa kazini.